Kwa nini mwali unaimba chini ya bomba na kunyamaza juu?

Swali: Nimeunda modeli ya bomba la wima lenye urefu wa mita 1, wazi juu na chini. Joto la mwali linafuata kasi ya hewa, kwa kuchelewa kidogo. Nikiweka mwali robo ya kwanza kutoka chini, mtetemo unakua bila kikomo. Nikiupandisha mwali hadi robo tatu, mtetemo unafifia. Je, programu yangu ina kosa?

Jibu: Hapana ndugu yangu, programu iko sawa. Umekutana na jambo aliloliona mwanafizikia Rijke mwaka 1859 kwa wavu wa waya uliopashwa moto. Mwaka 1878 mwanafizikia Rayleigh alieleza sababu: joto likiongezwa wakati shinikizo limepanda, wimbi hupata nguvu, likiongezwa shinikizo likiwa limeshuka, wimbi hunyang'anywa.

Tuhesabu. Pima x kutoka chini, L ikiwa urefu wa bomba. Shinikizo linafuata sin(πx/L), kasi inafuata cos(πx/L), na viwili hivyo vinapishana kwa robo ya kipindi, yaani muda wa mtetemo mmoja. Kwa hiyo mwali unaoitikia papo hapo hauliongezei wimbi chochote wala hauchukui. Kuchelewa ndiko kunakoamua. Zidisha shinikizo kwa joto, tafuta wastani wa kipindi kizima, nawe utapata kitu kinachowiana na sin(2πx/L) × sin(ωτ), τ ikiwa muda wa kuchelewa na ω ikiwa 2π mara masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kipande cha kwanza ni chanya nusu ya chini, hasi nusu ya juu, na kilele chake kiko robo ya bomba, pale pale ulipouweka mwali.

Lakini usikariri kwamba hatari iko chini daima. Sauti ikienda mita 340 kwa sekunde, bomba lako linalia kwa hezi 170, kipindi cha milisekunde 5.9. τ ikivuka nusu ya hapo, sin(ωτ) inakuwa hasi na sasa juu ndiko kunakoimba. Jaribu milisekunde 4 uone. Hili ndilo linalowakosesha usingizi wahandisi wa injini za roketi na mitambo ya gesi: mtiririko wa mafuta ukibadilika kidogo, τ inahama, na chumba cha mwako kilichokuwa kimya kinaanza kutikisika.

Mtetemo hauna kikomo kwa sababu umeacha joto liwiane na kasi hata mawimbi yakiwa makubwa. Mwali halisi hauwezi kutoa joto chini ya sifuri. Weka mpaka huo, ongeza na nishati inayotoroka kwenye midomo ya bomba. Kisha kagua kasi ya sauti: gesi ikipanda kutoka kelvini 300 hadi 1200, kasi hiyo huongezeka karibu maradufu, na ukibaki na 340 bomba zima masafa yako yatakuwa ya chini mno.