Kabla ya kuandika JOIN, uliza nani anabaki nje

Mwaka juzi nilitengenezea kikundi cha akina mama wa dagaa wa Sahare, hapa Tanga, mfumo mdogo wa michango. Jedwali moja la wanachama 42, jingine la michango. Nikayaunganisha kwa INNER JOIN, amri ya SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata) inayounganisha majedwali, nikachapa karatasi ya mwezi, nikampelekea mweka hazina kifua mbele. Akavaa miwani, akapitisha kidole jina kwa jina hadi chini.

"Mwanangu, hawa 35 si ndio waliolipa?"

"Ndio, mama."

"Waliolipa nawajua, walinipa mkononi. Nipe wasiolipa."

Saba walikuwa wametoweka na kompyuta haikulalamika. Nilikuwa nimekariri amri bila kujua maneno yake yanasema nini.

JOIN tumeirithi kwa Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa kampuni ya kompyuta ya IBM kule California. Imo katika makala yake ya 1970. Yeye alikuwa mtu wa hisabati, na majina yana harufu hiyo. Wengi hudhani neno lake "relesheni" (relation) ni undugu wa jedwali na jedwali. Sivyo: relesheni ni jedwali lenyewe.

INNER ni mistari iliyopata mwenzake katika jedwali la pili tu. Isiyopata iko nje, na OUTER huirudisha kundini, pengo likijazwa NULL, yaani alama ya "hakuna kitu hapa". LEFT haina siri: ni jedwali lililotajwa kwanza, kushoto kwa neno JOIN. (Mimi madrasa tulianzia kulia, labda ndiyo sababu nilichanganya.)

Maandishi haya ya JOIN yaliingia katika kiwango cha SQL mwaka 1992. Kabla yake majedwali yalitengwa kwa mkato na sharti la kuyaunganisha likakaa kwenye WHERE, sehemu ya kuchuja mistari; katika JOIN sharti hilo hukaa kwenye ON. Programu zilizoandikwa hivyo bado zipo. Ukisahau sharti, kila mstari hukutana na kila mstari: 42 kwa 35, unapata 1,470.

Kwa hiyo lisemee swali kwa Kiswahili kwanza. "Waliolipa tu" ni INNER. "Wanachama wote, na mchango kama upo" ni LEFT. Ukitaka wasiolipa, baada ya LEFT chuja wenye mchango NULL. Na sharti la mwezi liweke kwenye ON. Ukilitupa kwenye WHERE, wale saba watakupotea tena; hapo nilipoteza mchana mzima.

Jioni nikarudi Sahare na karatasi ya majina saba. Mama akaisoma, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.