Mdogo wangu, mie sina roho ngumu

Mei Mosi ya mwaka huu nilisimama juani na kofia mpya kichwani, nikaitwa mbele nikapewa cheti cha mfanyakazi hodari na bahasha. Ya bahasha tuyaache, ila deni la dukani limeisha. Picha nikaiweka mtandaoni, nani asiyeweka? Pongezi zikamiminika, na katikati ya pongezi ukaja ujumbe wa binti mmoja, muuguzi mwenzetu, mwaka wake wa kwanza kazini: "Dada, wenzetu mmejaliwa roho ngumu. Mie mfawidhi kashaniambia sina haiba ya unesi, naogopa, nalia hovyo. Nifanyeje na mimi nifike ulipofika?"

Roho ngumu! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka maziwa yakafurika jikoni. Mie ambaye kwetu wakiwa na habari ya msiba huanza kumwambia mdogo wangu kwanza, kisha yeye anaileta kwangu kidogo kidogo kama uji wa mgonjwa.

Basi ngoja nikueleze, maana najua na wewe msomaji unataka hicho cheti, na digrii, na siku moja uwe mfawidhi wa wodi. Nani hataki?

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa wodi ya wazazi, hapahapa Tanga. Hulka yangu moja ndiyo iliyoniponza, na wala siyo woga. Nilikuwa mtu wa ndiyo. Ukinitazama kwa unyonge tu, nimeshakubali. Na Tanga unaijua: leo arusi Chumbageni, kesho maulidi Mabokweni, keshokutwa hitima Ngamiani. Kulikuwa na mwenzangu mmoja, jina lake nalimeza, ambaye hakuna shughuli iliyompita. "Shoga, nishikie usiku wangu mmoja tu." Nikamshikia. Na mwingine akasikia nashika, naye akaleta wake. Nilijiona mwema. Kusema kweli nilipenda kusikia nikisifiwa, "yule dada ana wito."

Usiku wa tano mfululizo tulikuwa wauguzi wawili na kina mama kumi na tisa. Mmoja wao alikuwa na kifafa cha mimba, yupo kwenye magneziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Wasio wa kazi yetu niwafafanulie: baada ya dozi ya kuanzia, tulikuwa tunachoma gramu 5 kwenye nyama kila baada ya saa 4, tako hili kisha lile. Na kabla ya kila dozi unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Unagonga goti uone kama linaruka. Unatazama mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Dawa hiyo ikizidi, ileile inayomwokoa mama humkata pumzi.

Saa sita usiku nilimchoma. Kabla sijaandika, nikaitwa leba, mtoto anatoka. Saa nane narudi, naikuta karatasi tupu. Nikavuta dawa kwenye bomba. Pumzi sikuhesabu, goti sikuligonga. Nimeshamgeuza yule mama, pamba mkononi, akaniambia kwa sauti ya usingizi, "Nesi, si umenichoma sasa hivi? Huku bado kunauma."

Nikageuka kwenye trei. Chupa tupu za saa sita zilikuwa palepale zinanitazama.

Yule mama alipona, akajifungua, akaenda zake kwao na mwanawe. Mie ndiye sikupona haraka. Asubuhi kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu nililisema kosa langu mwenyewe, hakuna aliyeniona wala kunishitaki, na hilo mpaka leo najivunia. Mfawidhi akanisikiliza, kisha mbele ya watu wote akasema, "Wewe haiba yako haifai wodi hii." Nikaandika barua ya kujieleza. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mmoja yuko kwenye rosta usiku wa tano. Mwenzangu wa arusi alikuwa amekaa mbele yangu, anatazama hina yake, haijafifia hata kidogo. Hakusema neno.

Miaka imepita na ile hina bado naiona.

Siku hiyo nilipanda baiskeli kurudi nyumbani barabara ya 9, nikajikuta barabara ya 14 na sijui nimefikaje. Bora Tanga ni tambarare.

Nikahamishiwa kliniki ya watoto. Miezi sita ya kupima uzito na kujaza kadi, haina la kusimulia. Kisha nikaenda kusoma digrii, na huko ndiko nilipokutana na somo la saikolojia ya kazi. Nilisoma kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. Wataalamu wanaigawa haiba ya mtu katika sifa kuu tano: upenzi wa mambo mapya, umakini wa kuwajibika, uchangamfu, upole wa kupatana na watu, na wepesi wa kufadhaika. Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti nyingi za mapolisi, mameneja, wauzaji, mafundi na wanataaluma, wakakuta sifa iliyofuatana na utendaji mzuri katika makundi yote ni ule umakini. Uchangamfu uliwafaa zaidi mameneja na wauzaji. Nikasema, kumbe! Anayehakikisha kitu mara tatu kwa woga, huyo huyo mnamwambia hana haiba?

Lakini sikudanganyi, mdogo wangu. Mwepesi wa kufadhaika huchoka mapema kuliko mwenzake, na upole ukizidi unageuka mzigo. Robert Karasek aliandika mwaka 1979 kwamba kinachomvunja mtu ni mzigo mkubwa ukikutana na usemi mdogo juu ya kazi yake. Hiyo ni wodi ya usiku kabisa. Na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliuweka uchovu huu wa kupindukia kuwa ni jambo la kazini, wala halikuuita ugonjwa wa mtu. Uchovu huo una dalili tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi, na kujiona huwezi tena. Mie nilikuwa nazo zote nikaziita wito.

Sasa ushauri. Andika hapohapo. Nina kidaftari mfukoni, nikichoma naandika saa kabla sijageuza shingo, hata kama leba wananiita kwa jina la mama yangu. Goti ligonge. Na sema hapana. Ukishindwa kusema hapana, sema "ngoja niangalie rosta", kisha nenda kaiangalie kweli. Lala. Kulia lia, ila lilia kwenye stoo, halafu unawe uso urudi kwa mgonjwa. Na uandike. Hilo nimeshalisema, nalirudia.

Nyinyi mabinti mnaoingia kazini, acheni kuuza usingizi wenu kwa sifa. Siku hizi tunapimwa kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, na mie sijaona humo mahali pa kujaza arusi za watu ulizozishikia zamu. Mola kakupa mwili mmoja, nao una haki juu yako. Na nyinyi wafawidhi wenzangu, ndiyo, sasa ni wenzangu, kabla hujamwambia mtoto wa watu habari ya haiba yake, fungua rosta uhesabu usiku wake. Ukimaliza kuhesabu, hesabu tena. Kisha umwite pembeni, si mbele ya ripoti.

Wewe uliyeniandikia, omba kukaa na mfawidhi wako faragha akutajie kosa gani umefanya, siku gani, kwa mgonjwa gani. Akikutajia, shukuru ulifanyie kazi. Asipokuwa nalo, endelea na kazi yako.

Yule wa hina tunasalimiana vizuri tu. Juzi kanipigia, ana shughuli Pangani Jumamosi, anaomba nimtafutie mtu au nimshikie mwenyewe. Nikamwambia ngoja niangalie rosta. Nimeiangalia, nipo ofu. Bado sijampigia.