Wajukuu walio mbali: jaribu barua za picha

Bibi mwenzangu, umeuliza ufanyeje ili uwe karibu na wajukuu walio mbali, maana kwenye simu wanasema shikamoo bibi halafu hao, washakimbilia michezo yao. Mi nilihamia barua za picha. Naprinti picha ya kawaida tu, ile ya sentimita 10 kwa 15, nagundisha kwenye kadibodi ya boksi la viatu, nyuma naandika mistari miwili mitatu, siyo hotuba. Na picha isiwe ya sherehe jamani, piga vitu vya kila siku, mi nilituma paka kalala ndani ya beseni la nguo nikauliza "huyu tumtoeje?", basi yule wa miaka 6 akanirudishia mchoro wa paka mwenye mabawa, mpaka leo uko kwenye mlango wa friji.

Kila mtoto bahasha yake na jina lake, usiwachanganye, hapo ndo raha yenyewe ilipo. Usiandike juu ya picha inayong'aa, wino unachafuka. Ah, na kama wako nchi nyingine usiwawekee stempu za kwenu za kujibia, huko hazitumiki, mwambie mzazi awanunulie za hukohuko.