Kirusi kwa wanafunzi wanaozungumza Kiingereza: alama zipi za matamshi zinatosha?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nilisomea uhandisi Voronezh, na sasa naishi Birmingham, ambako jioni nawafundisha Kirusi watu wazima waliokulia kwenye Kiingereza. Matamshi huwa nawaandikia kwa tahajia ya Kiingereza: kh, zh, shch, y, na alama ya ' kwa konsonanti laini. Hayatoki. Брат na брать wanayatamka sawasawa, na irabu ы imewashinda kabisa. Je, niwahamishie kwenye alama za kifonetiki? Nianze na zipi, na ile j ndogo ya juu niieleze vipi?

Jibu: Marahaba. Wahamishe, tena mapema. Tazama jina Хрущёв linavyoandikwa kwa Kiingereza: Khrushchev. Herufi nne, s-h-c-h, zimewekwa penye sauti moja tu; e imekaa palipo na irabu ya aina ya o yenye mkazo; na v imekaa mahali panaposikika f. Mwanafunzi akilisoma kwa uangalifu wote bado hatafika kwenye [xrʊˈɕːɵf], na hana kosa lolote, kwani alichopewa asome kimempotosha. Alama za Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, zilibuniwa na walimu wa lugha kama wewe, kwa ajili ya shida hii hii ya darasani.

Ila usiwagawie chati nzima. Anza na alama mbili: kistari cha mkazo ˈ na hiyo ʲ. Nyingine zitakuja moja moja, kila moja na jozi yake ya maneno.

Mkazo kwanza, kwa sababu Kirusi hakiuandiki katika maandishi ya kawaida na hauna mahali pake maalumu. [ˈzamək] ni ngome, [zɐˈmok] ni kufuli, na yote mawili huandikwa замок. Mkazo ndio unaoamua irabu nyingine zitamkweje. Katika молоко, maziwa, herufi o imejirudia mara tatu na kila mara ina sauti yake: [məlɐˈko]. Silabi inayotangulia mkazo moja kwa moja hupata [ɐ], iliyo karibu na a fupi. Iliyo mbali zaidi hupata [ə]. Hapa mwanafunzi wa Kiingereza ana bahati, kwani [ə] anayo tayari mwishoni mwa neno lake sofa. Anayehitaji kujichunga ni wewe. Sisi wa Kiswahili tumezoea kuitamka kila irabu kamili, na mwalimu akitaka kueleweka hujikuta anasema mo-lo-ko taratibu. Watakuiga hivyo hivyo.

Sasa ʲ, na hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko popote. Wanafunzi wako wakiiona hudhani ni sauti ya pili inayofuata konsonanti, kama ile [j] ya few. Waambie mapema kwamba hiyo ni amri kwa ulimi: konsonanti itamkwe huku sehemu ya kati ya ulimi imeinuliwa kuelekea kaakaa gumu, kwa wakati mmoja, si konsonanti kwanza kisha kiyeyusho. Kirusi chenyewe hutenganisha mambo hayo mawili. [pɐˈlʲɵt], полёт, ni mruko wa angani. Na [pɐˈlʲjɵt], польёт, ni atamwagilia. Anayetia [j] penye ʲ peke yake anaweza kuwa ametamka neno jingine kabisa.

Wengi hufundisha ulaini kwa silabi kama тя na лю. Mimi naanzia mwishoni mwa neno, kwa sababu huko hakuna irabu inayofuata, kwa hiyo [j] haina pa kujipenyeza. Chukua [brat], ndugu wa kiume, na [bratʲ], kuchukua. Waweke ulimi kana kwamba wanataka kusema [i], wasitoe sauti, kisha walifunge neno kwa t wakiwa katika mkao huo huo. Wakisikia mchirizo mdogo unaofanana na s baada ya t, wasiogope. Sauti [tʲ] ya Warusi mara nyingi huachiwa hivyo. Wakisikia i nzima, wamezidisha. Halafu wape [ɡəvɐˈrʲit], anasema, na [ɡəvɐˈrʲitʲ], kusema. Wakiona kwamba tofauti ya kitenzi chenye nafsi na kitenzi-jina imebebwa na ulaini wa t ya mwisho, wataacha kuihesabu ʲ kuwa pambo la lafudhi.

Ukishavuka hapo, ы itakuwa imepungua ukali. Usiwaambie inafanana na i ya bit. Watabaki na hiyo maisha. Waanze na [u], waitandaze midomo bila kuusogeza ulimi, kisha ulimi usogee mbele kidogo: wamefika karibu sana na [ɨ]. Muhimu zaidi, waione ikiwa na konsonanti yake. [bɨtʲ] ni kuwa, [bʲitʲ] ni kupiga: b ngumu, yaani isiyo laini, huandamana na [ɨ], b laini na [i]. Mwanafunzi anayesema b laini hataipata [ɨ] hata ajitahidi vipi, na mara nyingi mwalimu hurekebisha irabu wakati kosa liko kwenye konsonanti. Wanaisimu wa Moscow wameihesabu [ɨ] kuwa sura nyingine ya fonimu /i/ (fonimu ni sauti inayotofautisha maneno) baada ya konsonanti ngumu. Lev Shcherba na wafuasi wake wa Leningrad waliipa ufonimu wake. Darasani kwako mjadala huo hauna haja, lakini ushahidi mmoja wa upande wa Moscow unafaa kusikilizwa: jina Иван likitanguliwa na к ngumu, к Ивану, i yake hugeuka, [kɨˈvanʊ].

Ш na щ ziandikie [ʂ] na [ɕː]. Sauti ya Kiingereza [ʃ] iko katikati yao na haifai kwa yoyote, kwa hiyo usiitumie kama mfano. P, t na k za Kirusi hazina mpumuo. Waambie watumie p ya spin, si ya pin, na washike karatasi mbele ya mdomo waone kama inatikisika. Kama wewe ni mtu wa Mombasa, sikio lako linayajua haya tangu utotoni, kwa kuwa paa la nyumba na paa wa porini mnawatenga kwa mpumuo huo. Penye maandishi yanayodanganya, andika kinachosikika tu: хлеб ni [xlʲep], его ni [jɪˈvo].

Limebaki jambo la ile alama yako ya '. Vitabu vya Warusi huitumia kwa ulaini, [брат'], na katika mfumo wao ni sahihi. Katika alfabeti ya kimataifa, [tʼ] ni konsonanti inayosukumwa kwa hewa iliyofungiwa juu ya glota, yaani uwazi ulio kati ya nyuzi za sauti kooni, kama zile za Kiamhari. Mwanafunzi akifungua kamusi moja na kitabu kingine atakutana na mifumo yote miwili, kwa hiyo ubaoni tumia ʲ peke yake, na mkifungua kitabu cha Kirusi mwonyeshe kwamba ' ya humo ndiyo ʲ yenu.