Jibu: Viti vya kitambaa na nta ya rangi

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupuliza dawa ya kuzuia madoa kwenye viti vya kitambaa vya gari bila kuviosha, na kama nta itaisaidia rangi ya gari linalolala nje huko Kigamboni. Viti vioshwe kwanza, kwa maana dawa ikipulizwa juu ya jasho na vumbi huufungia uchafu humo humo. Sugua kwa povu la sabuni na brashi laini, kisha ukaushe kwa taulo, kwa sababu sponji ya ndani ikilowa, katika unyevunyevu wa Dar huanza kutoa uvundo kabla haijakauka. Nta ipakwe kivulini, bodi ikiwa imeoshwa chumvi ya bahari na kupoa, tena tabaka jembamba. Kutu iliyokwisha kuanza haiondoki kwa nta, wauzaji waseme watakavyo.