Boneti Iwe ya Baridi

Mhariri, swali lenu la wiki hii liliuliza: “Familia yenye fedha kidogo ichagueje gari lililotumika ambalo halitaisumbua?” Najua wengi watawajibu kwa kutaja jina la gari na kumaliza hapo. Mimi nilishawahi kununua jina. Jina lilikuwa zuri, gari lilikuwa bovu.

Tulikuwa na watoto wawili, wa tatu yuko njiani, na mume wangu alishachoka kuazima gari la kaka yake kila mtoto anapougua usiku. Tukapata gari la aina ambayo kila fundi huisifia. Tulipofika kwa muuzaji tulilikuta limeshatolewa nje, limeoshwa, linanguruma polepole. “Nimewawashia ili msikie injini,” akasema. Mimi nikauona ukarimu. Tukalizungusha mtaani, likateleza kama linakwenda juu ya maji, tukalipa. Siku chache baadaye, asubuhi yenye baridi, nilikuwa nyuma nafunga buti mume wangu alipowasha. Nilifunikwa na moshi wa bluu mpaka nikakohoa. Baada ya dakika mbili moshi ukakatika. Kesho yake hivyo hivyo. Fundi mmoja mzee tuliyempelekea hata boneti hakufungua. Aliuliza swali moja tu: “Mama, siku mnalinunua mlilikuta la moto au la baridi?”

Nikamwambia la moto. Akatikisa kichwa, akaenda kutafuta spana.

Alitueleza baadaye. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Sili za valvu, yaani mipira midogo inayozuia oili isishuke ndani, zikichakaa, gari likilala usiku kucha oili huchuruzika na kuingia kwenye silinda, kisha asubuhi inaungua yote kwa mara moja. Injini ikishakimbia dakika kadhaa, ushahidi umepotea hewani na gari linaonekana halina kasoro. Injini ya moto huficha na mengine: cheni ya taiming (ile inayopatanisha mwendo wa valvu na pistoni) iliyolegea, ambayo hugonga sekunde chache za mwanzo kabla oili haijapanda, betri inayozungusha kwa shida, gia inayokawia kuingia mpaka oili yake ipate joto. Kwa hiyo tangu siku ile kitu cha kwanza ninachofanya kwa muuzaji, hata kabla ya salamu kumalizika, ni kuweka kiganja juu ya boneti. Namwambia mapema asiliwashe, na nafika kabla ya saa tuliyopatana. Nikilikuta la moto sigombani naye. Namwambia nitarudi kesho alfajiri. Wapo waliosema karibu, na wapo waliokumbuka ghafla kwamba kesho wanasafiri.

Gari likiwa la baridi ndipo unaweza kufungua kifuniko cha rejeta. Usithubutu likiwa la moto, maji yanayochemka yatakurukia usoni. Ndani unatafuta kulanti, maji ya kupoozea injini, iliyo safi na yenye rangi yake, si maji ya kutu wala utando wa mafuta unaoelea. Kisha chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi peke yake haina kesi, ni kazi yake kuchafuka. Ya kuogopa ni ile nzito kama lami, maana mwenye gari hamwagi oili kwa wakati, au yenye povu la rangi ya maziwa, maana maji na oili vimekutana mahali visipopaswa kukutana. Mara nyingi hiyo ni gasketi ya silinda hedi, kizibo bapa kinachotenganisha njia za maji na za oili, iliyoungua baada ya gari kuchemsha. Ute mdogo chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa mvuke tu wa gari la safari fupi fupi, ila ukiwepo hadi kwenye kijiti, agana na muuzaji.

Halafu zungusha ufunguo hatua moja, usiwashe bado, utazame dashibodi. Taa za oili, betri, injini, breki na mfuko wa hewa (ule unaofumuka wakati wa ajali) zote zinatakiwa ziwake, kisha zizimike injini inapochukua. Watu wengi huogopa taa inayobaki imewaka. Mimi naogopa zaidi ile isiyowaka kabisa, kwa sababu huenda mtu ameing’oa ili usiulize. Gari la tatu tulilolikagua lilikuwa hivyo: taa ya mfuko wa hewa kimya. Yule fundi mzee, ambaye safari hii tulikuwa tumemlipa aje nasi, akainamia usukani akapitisha kidole katikati yake. Kifuniko kilikuwa cheusi zaidi kidogo kuliko usukani wenyewe, na ukingo mmoja haukukaa sawa. Mfuko ulishapasuka kwenye ajali siku nyingi, pale palikuwa na kifuniko tu na nyuma yake uwazi. Muuzaji akasema hakujua. Labda.

Kwa kuwa tuko kwenye mifuko ya hewa: mamilioni ya magari ya kampuni nyingi, yaliyouzwa miaka mingi, yalifungwa mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu na inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Yaliitwa yarudishwe kubadilishiwa bure, na mengine hayakurudi. Watengenezaji wengi wanakuwezesha kuangalia kwa namba ya chesi kama gari lako limo na kama limeshatengenezwa. Ni kazi ya dakika tano, ifanye kabla ya kulipa. Namba hiyo huwa na tarakimu na herufi 17 kwa magari mengi yaliyotengenezwa tangu 1981, na haina kabisa herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona duara jua ni sifuri. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani lina namba ya fremu iliyo fupi zaidi, usishtuke. Ya kushtukia ni namba iliyo kwenye bodi kutofanana na ya kwenye kadi, au chuma kinachoizunguka kuwa kimekwaruzwa na kupakwa rangi upya.

Kilomita siziamini zikiwa peke yake. Mita inarudishwa nyuma, ya kidijitali pia, na kwa mwenye kifaa si kazi kubwa. Naangalia vinavyochakaa bila kuulizwa: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani upande wa juu kushoto na kulia, ubavu wa kiti cha dereva pale mtu anapotelezea akiingia. Gari linalodai kilomita 60,000 huku pedali imelika hadi chuma kinaonekana linakuambia uongo. Matairi nayo yana tarehe: tarakimu nne za mwisho ubavuni, mfano 1419, ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Yakiwa ya zamani hesabu kuyabadilisha hata kama kashata bado zipo, na yakiwa yamelika upande mmoja tu uliza kilichogongwa huko mbele.

Lipo na la mikanda, ambalo nilifundishwa nikadhani ni mzaha. Vuta mkanda wa abiria wa nyuma mpaka mwisho kabisa, sehemu ile ambayo hakuna mtu huivuta. Gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa, hubadilishwa mazulia, hupuliziwa manukato, lakini aghalabu hakuna anayekumbuka kuosha mita ya mwisho ya mkanda. Niliwahi kuvuta mmoja nikakuta mstari wa tope ulionyooka kama umechorwa kwa rula, juu yake mkanda safi, chini yake kahawia. Gari lililozama ni ugonjwa wa umeme usioisha: leo dirisha, kesho taa, keshokutwa linazima barabarani na watoto ndani.

Kuliendesha nako kuna adabu yake. Zima redio, na muuzaji asiyenyamaza mwombe asubiri nje. Kata kona usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho, usikilize kama magurudumu ya mbele yanagonga ta-ta-ta. Kwa gari la otomatiki, ingiza R (ya kurudi nyuma) kisha D (ya kwenda mbele) ukiwa umekanyaga breki. Gari likikaa sekunde mbili tatu kabla ya kuitika, au likaruka kama limepigwa teke, gia inaanza kuchoka, na gia ndiyo inayoweza kugharimu nusu ya gari zima. Magari yenye gia ya mkanda, CVT, yanahitaji oili yake maalumu. Iliyowekewa oili yoyote tu utaisikia ikitetemeka ukiondoka polepole. Kama fundi ana mashine ya kusoma hitilafu, mwambie asiishie kwenye kusema “hakuna kosa.” Aangalie pia kama kompyuta ya gari imeshamaliza kujikagua. Makosa yakifutwa asubuhi ya siku ya kuuza, majaribio hayo hurudi mwanzo na huonyesha hayajakamilika.

Sasa fedha, ambayo ndiyo kiini cha swali lenu. Kosa kubwa tulilofanya mara ya kwanza halikuwa hata moshi. Tulinunua gari kwa senti yetu ya mwisho, moshi ulipokuja hatukuwa na cha kumpa fundi. Kama mna 100, tafuteni gari la 80. Ile 20 si akiba, ni sehemu ya bei: oili na filta zote, kulanti, breki, pengine matairi mawili, na mkanda wa taiming kama injini inautumia na hakuna ushahidi wa lini ulibadilishwa. Kwa mkanda huo msibahatishe. Kwa injini nyingi ukikatika ukiwa barabarani pistoni hugonga valvu, na kilichokuwa kazi ya siku moja kinakuwa injini nyingine.

Mafuta myapigie hesabu kabla, msisubiri mwisho wa mwezi. Familia inayokwenda kilomita 15,000 kwa mwaka, kwa gari linalokula lita 6 kwa kilomita 100, inatumia lita 900. Kwa gari linalokula 10 ni lita 1,500. Tofauti ya lita 600 kila mwaka, kwa miaka mitano, inaweza kuufuta ule unafuu wa bei uliowafanya mchukue gari kubwa. Na dizeli, jamani, si kwa kila mtu. Nyingi za miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho hujisafisha kwa safari ndefu ya mwendo. Mkiwa watu wa shule, soko, nyumbani, kitaziba.

Kuhusu aina, sitakwepa. Chukueni lililouzwa kwa wingi, injini ndogo isiyo na turbo (feni ya kuisukumia injini hewa zaidi), lisilo na mapambo mengi ya umeme. Toyota Corolla inatengenezwa tangu 1966, na faida yake kubwa kwa mwenye fedha kidogo si kwamba haiharibiki, ila ikiharibika fundi ameshaiona na spea ipo. Honda Fit nayo ina kiti cha nyuma kinachokunjwa kuelekea juu, ukaingiza baiskeli ya mtoto imesimama. Magari ya haibridi, yanayotumia mafuta na umeme pamoja, ni mazuri kwa mafuta, lakini pima hali ya betri kubwa kwanza. Hapo sitasema zaidi maana sijawahi kumiliki moja.

Ila nendeni na viti vya watoto. Kabisa, vibebeni. Tulipeleka vitatu kwenye gari ambalo muuzaji aliapa linachukua watoto watatu nyuma, tukavipanga, cha kati kikabaki kimening’inia kwenye magoti ya vile viwili na mlango wa kulia hautaki kufunga. Angalieni kama kuna vyuma vya ISOFIX vya kufungia viti vya watoto, na kama kiti cha kati kina mkanda wa kupita begani au wa kiunoni tu. Mama mkwe naye tulimwomba apande na kushuka mara tatu. Alilalamika, lakini magoti yake ndiyo yaliyotuondolea gari moja la chini ambalo mume wangu alikuwa ameshaanza kulipenda.

Tulilonunua hatimaye lilikuwa na umri mkubwa na kilomita nyingi kuliko lile la kwanza: 148,000. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, na alitoka ndani na bahasha ya kaki iliyochanika pembeni, imejaa risiti. Kila oili, kila filta, mkanda wa taiming kwenye kilomita 96,000, jina la fundi na sahihi yake. Boneti ilikuwa ya baridi, na umande ulikuwa bado juu yake. Tukasimama nyuma ya ekzosi sote wanne, fundi akawasha. Mvuke kidogo mweupe, ukayeyuka, basi.

Dirisha la nyuma la kushoto lilikuwa halishuki. Mwalimu alituambia mwenyewe kabla hatujauliza, akapunguza bei. Ni mwaka wa nne sasa, bado halishuki, na mtoto wa pili amelifanya mahali pa kubandika stika zake.