Kapunguzwa kazi, sasa nyumbani tupunguze nini?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mume wangu kapunguzwa kazi mwezi uliopita, alikuwa stoo kipa kwenye kampuni moja hapa Dar, kafanya miaka 6. Mi nauza vitenge lakini biashara inasuasua. Mtoto wetu mkubwa yupo darasa la tatu inglishi midiam, kodi inaisha miezi miwili ijayo na mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mkupuo. King'amuzi nimeacha, nyama nimepunguza, ila hela bado haikai. Jirani ananishawishi nikope kwa wale wanaopita mtaani. Mume nikimwambia afuatilie haki zake anasema watu watamcheka. Nianzie wapi? (Mama wawili, Kimara)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Huo mkopo usiuguse, sio bure watu wameuita kausha damu, unalipa kodi leo alafu wanaanza kukugongea mlango, na hela ya kuwapa ndo hiyo hiyo ya unga, mwisho wanabeba friji.

Hela yako mi nahisi inaishia dukani kwa Mangi. Baba watoto wangu aliposimamishwa kazi nilikuwa nashangaa hivo hivo, siku moja nikachukua daftari la madeni la dukani nikakaa nalo, ukurasa mzima sukari robo, sukari robo, mafuta ya kupima, sukari robo, sabuni kipande, yaani nilipopiga hesabu ya sukari peke yake nikaona ningechukua kwa kilo ningebaki na hela ya mboga ya siku mbili. Niliumia sana. Kwa hiyo hela yoyote iliyobaki ya mume, nenda Tandale uchukue mchele, unga na maharage ya mwezi mzima, mafuta chukueni dumu la lita 5 na huyo jirani mgawane, nyanya na vitunguu fuata Ilala asubuhi, sio fungu la mia tano kila jioni. Maharage loweka usiku, utaona mkaa unavyobaki.

Kodi msisubiri iishe, nendeni wote wawili sasa hivi mwambieni mwenye nyumba ukweli, muombeni mlipe miezi miwili miwili, wengi wanakubali kwa mpangaji asiyemsumbua. Mtoto mwache amalize mwaka, ikishindikana ahamie shule ya serikali, huko ada ilishafutwa, michango midogo midogo ya chakula utaikuta.

Alafu haki za mumeo, hapa ndo pana hela kuliko kwenye sukari. Aliyepunguzwa kazi sheria inampa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hivyo miaka yake 6 ni mshahara wa siku 42. Kama alikuwa anakatwa hela ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na michango imefika miezi 18, kuna fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi 6, maana hakuacha kazi mwenyewe. Na akiona kaonewa, CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, anatakiwa afike ndani ya siku 30 tangu aachishwe, mwezi uliopita ni juzi tu ila siku zinakimbia. Mwambie ni hela yake, ilikatwa kwenye jasho lake. Akiona aibu kwenda peke yake, funga khanga yako, shika ile barua ya kupunguzwa kazi na kitambulisho chake, mpande daladala wote.